Reli Yetu na Laini ya Bi. Zuwena

Jumamosi, 8 Novemba

Nimepoteza gemu mia mbili na kumi na nne. Alhamisi, tarehe 6, adhuhuri, ndani ya duka langu mwenyewe Satwa, Dubai, bisibisi mkononi. Naandika sasa ili nisije nikajisimulia vingine baadaye.

Leo nimefungua kama kawaida. Pedi saba za kuchezea gemu mezani, tano kati yake ugonjwa mmoja: kijiti kinateleza chenyewe, mchezaji anakimbia kushoto bila kuambiwa. Nimefungua, nimesafisha, nimebadilisha. Kampuni zinajua kifaa hicho kinakufa. Zinatoa konsoli mpya, zinakirudisha kilekile. Kinanilisha, silalamiki. Lakini upofu sina.

Kilichotokea Alhamisi. Konsoli yangu ya nyumbani ilikufa ubao. Nikabadilisha ubao mwenyewe. Kazi safi, hata Wafula, fundi wangu, alipiga mluzi. Nikawasha. Mashine ikaniona mgeni. Ikataka kunithibitisha kwa namba sita zinazotumwa kwenye simu. Simu ipi? Laini ya zamani, ya enzi nikiwa chini ya kafeel, mdhamini wa visa, kule Deira. Nilipohama visa ili nisimame kwa leseni yangu ya biashara, kitambulisho kilikaa bila kuhuishwa, laini ikakatwa. Nilikumbuka kubadilisha namba benki. Bima nilikumbuka. Shule ya Nasra nilikumbuka. Akaunti ya gemu ilikuwa inafunguka yenyewe kila siku, sikuifikiria.

Nikabonyeza tuma. Tuma. Tuma. Mfumo ukaona mwizi, ukanitoa kwenye mashine zote. Pamoja na ile iliyoko Mombasa.

Hapo ndipo panapouma. Gemu mia mbili na kumi na tatu naweza kuishi bila. Hiyo moja ni reli. Mimi na Nasra, binti yangu, miaka kumi na tatu. Kila Ijumaa jioni mimi nalaza reli, yeye anapanga ratiba za treni. Mwaka wa nne huu. Stesheni thelathini na nane. Yeye yuko kwa mama yake Mombasa, mimi niko hapa. Ada ya shule hata benki inaweza kutuma. Ijumaa ndiyo malezi yangu.

Jana hatukucheza. Akaniambia, "Baba usijali, ni gemu tu." Hajawahi kuiita hivyo.

Jumapili, 9 Novemba

Asubuhi nzima na huduma ya wateja. Kwanza roboti. Kisha mtu, au roboti mwenye adabu zaidi. Nimempa namba za mashine zote mbili. Nimempa risiti, tangu ya kwanza. Nakala ya pasipoti. Jibu: lazima namba za uthibitisho. Basi nibadilishe simu? Sawa, lakini kubadilisha simu kunathibitishwa kwa simu ya zamani. Khalas. Duara limefungwa.

Watu hawa wanaweza kutengeneza jiji zima lenye mvua, na kila tone likaacha alama kwenye koti la mtu. Wanajua nimecheza saa ngapi, nimekufa mara ngapi kwenye ngazi ya tisa. Kujua kwamba mimi ni mimi kumewashinda.

Hoja yangu ni moja na nitaisema hata mbele ya hakimu. Kwenye kitufe wameandika Nunua. Kwenye masharti, ukurasa usiosomwa na binadamu, wameandika umepewa ruhusa ya kutumia. Wangeandika Kodisha kwenye kitufe, ningelipa bei ya kukodisha. Hawaandiki, kwa sababu wanajua hesabu yangu ingekuwaje.

Wafula anasema, "Boss, rudi kwa CD. CD haikuulizi wewe ni nani." Nimemkumbusha mteja wa wiki jana. Diski mpya, bado na nailoni. Tumeiweka, ikaomba kupakua giga tisini kabla ya kufunguka. Mle ndani hamna gemu. Ni plastiki ya kuonyesha kwamba ulilipa.

Jumanne, 11 Novemba

Nimepiga namba yangu ya zamani. Wazo la Wafula, na sikupenda kwamba ni lake.

Akapokea mama. "Nani mwenzangu?" Kiunguja kitupu. Nikashusha pumzi. Katika watu wote wa Dubai laini yangu ingeweza kuangukia, imeangukia kwa Mswahili. Nikamwamkia, nikajitaja, Twaha wa Mombasa, nikaeleza. Akacheka.

"Ahaa, kumbe weye ndo Twaha! Kinyozi wako wa Satwa ananletea salamu kila mwezi. Anakwambia nywele zishakuwa refu, njoo kuna punguzo. Mie n'na buibui, mwanangu, nywele nimkatie nani?"

Anaitwa Bi. Zuwena. Anakaa Al Barsha na mwanawe. Wamekuja hapa kabla ya mimi kuzaliwa. Laini alipewa dukani aliponunua simu. Nikaona mambo yamekwisha. Nikamwambia nitaomba namba sita zitumwe, anisomee tu.

Akanijibu kwa upole ule ule: "Hilo hapana, baba. Wanangu wamenkataza. Anayeomba namba ni mwizi."

Nikasema mimi si mwizi.

"Wote wanasema hivyo."

Akanitakia afya na riziki. Akakata.

Ijumaa, 14 Novemba

Ijumaa ya pili bila reli. Nimempigia Nasra video. Alikuwa kwa binamu zake, kelele tupu. Wanacheza gemu ya simu, ile ya kupigana risasi kisiwani. Ya bure.

Ya bure! Nimeifungua hiyo gemu dukani nikaikagua kama ninavyokagua ubao. Zawadi ya kila siku, ukikosa siku moja unaanza upya. Nguo za mwanasesere zinazotoweka baada ya wiki. Sanduku lisiloonyesha lina nini mpaka ulipie. Saa inayohesabu kurudi nyuma kila ukurasa. Hapo hakuna mbuni wa michezo. Kuna mhasibu aliyesomea saikolojia. Gemu nzuri inakuacha uende ukalale. Ile ya reli ilitengenezwa na watu wachache, unawaona kwenye orodha ya majina mwishoni mwa gemu, wanatosha gari moja. Haijawahi kuniomba kitu tangu nilipoilipia. Ukichelewa mwezi, treni zako unazikuta.

Nimemweleza Nasra yote haya. Nimemaliza, akasema, "Baba, konsoli ni ya wazee." Binamu zake wakaangua kicheko. Nami nilicheka. Baada ya kukata sikucheka.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimempigia tena Bi. Zuwena. Safari hii simu imechukuliwa na mwanawe, Suleiman. Kiswahili nusu, Kiingereza nusu, hasira nzima.

"Sikiliza bro, mama yangu kaibiwa mwaka jana na mtu mwenye sauti nzuri kama yako. Ukipiga tena naenda polisi."

Nikajaribu kutaja reli. Nilijisikia nikiitaja. Mwanamume wa miaka arubaini na mbili, mwenye leseni na mafundi wawili, anaomba namba za siri za bibi wa watu kwa ajili ya treni za kuchora.

Ningekuwa yeye ningesema hayo hayo. Tena kwa ukali zaidi. Mama yangu mwenyewe nimemfundisha hivyo. Hiyo haipunguzi chochote. Kampuni imeweka mlango wangu mfukoni mwa mgeni, na sasa mimi ndiye ninayeonekana jambazi.

Nimemwandikia tena mhudumu. Ameomba radhi kwa usumbufu. Ameniuliza nimpe nyota ngapi. Moja, kwa sababu sifuri haipo.

Alhamisi, 20 Novemba

Bi. Zuwena amenipigia yeye. Mwanawe yuko kazini.

Hata salamu hakunipa. "Mamako nani?"

Nikamwambia. Maryam, wa Kibokoni.

"Maryam yupi? Kibokoni wamejaa."

Mshonaji. Kanzu na kofia. Mlango wa samawati karibu na msikiti.

"Babako alipokufa hitma ilisomwa wapi?"

Nikamwambia wapi.

"Na chakula nani alipika?"

Nilikuwa na miaka kumi na sita, nililia siku zote zile. Kisha ikanijia: Bi. Rukiya Chongo, ambaye jicho lake lilikuwa zima kabisa na hakuna anayejua jina lilitoka wapi. Nikasema.

Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe Bi. Rukiya ni shoga yake tangu ujana. Jumatatu, mwanawe alipomaliza kunitukana, yeye alimpigia Mombasa kumuuliza kama kuna Twaha wa huko aliye Dubai. Wakaongea mpaka simu ikaisha chaji. Sasa anajua nilivunja bakora ya maalim madrasa. Anajua nilianza hapa nikisukuma vitoroli vya maduka makubwa. Anajua hata harusi yangu tulikodi viti vichache, watu wakasimama.

"Njoo Jumapili," akasema. "Lete hiyo mashine yako. Suleiman atakuwepo. Mambo ya pembeni sitaki."

Kampuni yenye seva ulimwengu mzima imeshindwa. Wanawake wawili kwa simu moja wamemaliza uchunguzi.

Ijumaa, 21 Novemba

Ofa za Novemba zimeanza. Dukani watu wamejaa. Mteja kaja na gemu iliyotoka juzi, bei kamili, anataka nimwambie konsoli yake ina tatizo gani. Haina. Ni gemu. Wahusika wanazama sakafuni, fremu thelathini kwa sekunde zinashuka mpaka kumi na nane ikianza mvua. Studio imeomba radhi, imeahidi apdeti. Wakati huohuo imefukuza watu walioitengeneza. Sasa hiyo apdeti ataiandika nani?

Mimi nikimrudishia mteja konsoli nusu, nikamwambia nusu nyingine inakuja mwezi wa pili, atanipiga na hiyo nusu. Na atakuwa na haki.

Wafula anasema nimekuwa mkali wiki hizi, nawahutubia wateja. Kweli. Lakini wanarudi.

Saa kumi na mbili nikampigia Nasra kumpa habari ya Jumapili. Hakupokea. Nikamwandikia kwamba akaunti inarudi inshallah. Akajibu na alama ya kidole gumba tu.

Jumapili, 23 Novemba

Nimetoka kwa Bi. Zuwena nimeshiba mpaka sigeuki. Niandike yote kabla sijalala.

Nimefika baada ya alasiri, konsoli ndani ya begi la mgongoni. Suleiman kanifungulia mlango kama afisa wa forodha. Mwanamume mrefu, umri wangu. Nikaunganisha mashine kwenye televisheni ya sebuleni. Ukurasa ule ule ukaja. Sheria yao naijua sasa kwa moyo: mara tatu kwa siku. Zikipita, akaunti inafungwa mwezi mzima. Kila namba inaishi dakika kumi.

Nikabonyeza tuma. Simu ya Bi. Zuwena ikalia mezani. Nikainua pedi.

"Kwanza kahawa," akasema.

Nikamwambia kwa heshima zote, mama, hizi namba zinakufa.

"Hazendi pahala. Mgeni haanzi kazi kavu nyumbani kwangu."

Ikaja kahawa. Ikaja halua. Ikaja sambusa. Suleiman ananitazama anione nitafanya nini. Ningefanya nini? Ukatae halua ya mtu aliyempigia simu Bi. Rukiya Chongo kwa ajili yako? Nilikula. Nikala haraka, akaniongezea. Kwenye skrini saa ikafika sifuri. Ya kwanza imekwenda.

Ya pili. Sasa kavaa miwani, simu mkononi. Anasoma ujumbe wote tangu mwanzo, kwa sauti, Suleiman anamfasiria. Namba yako ya uthibitisho ni... Hapo akaziruka zile namba. Akamgeukia mwanawe. "Hapa mbele wameandika nini?"

Suleiman akafasiri, taratibu, akifurahia kila neno: "Usimpe mtu yeyote namba hii."

Bi. Zuwena akaweka simu kifuani. "Basi mwanangu. Wenyewe wamekataza. Nikikupa nitakuwa nimevunja amri yao."

Nikamweleza. Suleiman akaeleza kinyume. Tukabishana watu wazima wawili, kwa lugha tatu, mpaka ya pili ikafa. Nimebaki na moja. Jasho, na AC iko kumi na tisa.

Nilikuwa naanza kuchomoa nyaya. Ndipo akaniuliza, kama mtu anayeuliza chumvi, "Hizo namba zaandikwa na nini?"

Na pedi, mama.

"Lete."

Suleiman akasema mama, hujawahi kushika hiyo kitu maishani.

"Kwani wameandika nisishike? Wameandika nisimpe mtu. Simpi. Nitaandika mwenyewe. Na nyie wawili tazameni ukuta."

Nikabonyeza tuma ya mwisho, nikamkabidhi pedi, nikageuka ukutani. Suleiman pia, bega kwa bega na mimi, mbele ya picha ya harusi yake mwenyewe. Nyuma yetu kijiti kinalia tiki, tiki. Namuelekeza bila kuangalia: kulia, mama. Kulia tena. Sasa X.

"Eksi iko wapi?"

Chini.

"Kimekwenda chini!"

Si kijiti mama, kitufe, chenye alama ya X.

"Ah! Kitufe si useme kitufe. Yarabi, kinaruka. Mbona chenyewe kinakwenda kushoto?"

Kijiti kinateleza. Mimi, fundi wa pedi Satwa nzima, nimebeba pedi yangu mwenyewe bila kuitengeneza. Nikamwambia atumie vishale badala ya kijiti, vile vinne vya upande wa kushoto, abonyeze kimoja kimoja. Suleiman akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia, mabega yakamtetemeka, na mimi nikashindwa. Wanaume wawili tunalia kwa kicheko mbele ya ukuta, na dakika zinaisha.

"Nyamazeni nihisabu!"

Kisha mlio. Ule wa kuingia. Nimeusikia kila siku miaka kumi na moja, sijawahi kuusikia.

Nikageuka. Jina langu liko juu. Gemu zote ziko chini yake. Ukishaingia hawaombi uthibitisho tena; nimebadilisha namba ya simu hapohapo, kabla ya kukaa. Bi. Zuwena kashika pedi kwa mikono miwili kama sahani ya moto. Akaniuliza ipi ndiyo hiyo reli. Nikamfungulia. Akatazama treni zinavyoondoka stesheni moja baada ya nyingine, akauliza nani kazipanga. Nikasema binti yangu. Akasema ana akili. Nikasema najua.

Suleiman amenisindikiza hadi chini. Akaniomba radhi kwa lile la polisi. Nikamwambia asibadilishe hata neno, akipiga mwingine amjibu hivyohivyo.

Kidole gumba kingine kutoka kwa Nasra. Nilimtumia picha ya skrini.

Jumanne, 25 Novemba

Nimefunga duka mapema. Nje hewa nzuri, hapa mtaani kwangu JVC watu wako barabarani na watoto wao. Nimekaa nyumbani, nimewasha reli peke yangu.

Kila kitu kipo. Treni zinaondoka kwa ratiba yake. Ile ya mizigo inasubiri ya abiria ipite, kama alivyopanga, kisha inafuata. Sikulaza hata kipande kimoja. Nilitazama tu.

Kampuni sina neno nayo tena leo. Nimeshinda. Nguvu zangu zote za mwezi huu nilizipeleka huko, na kila siku nilijua hoja yangu ni sahihi. Bado ni sahihi.

Mama yake anasema Nasra hana kinyongo, amekua tu, Ijumaa wanakutana na binamu zake. Anasema nisimfanye mtoto aone ni deni.

Nimeandika ujumbe mrefu. Ulikuwa na masanduku ya bahati na sheria za leseni. Nimeufuta. Nikaandika mwingine, nikaupeleka. Nauweka hapa ulivyo:

"Nasra mwanangu, akaunti imefunguka, reli iko salama, ratiba zako zinafanya kazi. Nataka jibu moja. Ijumaa hii saa kumi na moja jioni, saa yenu, unacheza na mimi au huchezi? Ukisema huchezi sitakasirika. Nitakuuliza tu nifanyeje kuingia kwenye hiyo ya kwenu ya simu, na unifundishe kama anavyofundishwa mzee. Ila usinitumie kidole. Niandikie ndiyo au hapana, kabla ya Alhamisi saa mbili usiku."